Juya la Mto Lwama

Tangu tajiri mmoja wa Kasongo alipoleta juya lake, wavu mkubwa wa kukokota, mto Lwama, migono ya Amisa ilikuwa ikitoka majini na matope tu. Yeye na mumewe Amuri walivua hapo, karibu na Kabambare, tangu walipooana. Amisa ndiye aliyeisuka mitego ile kwa fito, na ilikuwa ikiwatosha chakula na kidogo cha kupeleka sokoni. Lakini juya liliziba mto ukingo hadi ukingo. Lilikokotwa na mitumbwi miwili mikubwa na kundi la wavuta kamba, na matundu yake yalikuwa madogo hata vifaranga vya samaki havikupona. Samaki wote walikaushwa kwa moshi, wakapelekwa Kasongo kulisha misafara ya pembe za ndovu.

Msimamizi wa juya alikuwa Faradji, mdogo wake Amisa wa tumbo moja. Msafara ulimchukua akiwa kijana, akarudi na kanzu, bunduki na jina jipya.

Asubuhi moja Amuri alirudi kutoka mtoni amekunja uso. Juya lilikuwa limeng'oa migono yote, fito zake zinaelea ovyo. Akauchomoa mkuki darini. Amisa akaushika mpini.

"Baba Waridi, wale wako na bunduki. Ukienda na mkuki, leo nitakuzika."

"Na tukikaa, mutoto atakula nini?"

"Niache niende mie. Yule ni ndugu yangu."

Hakwenda peke yake. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaita wanawake, na kila mmoja akatoka na kikapu chake cha kuvulia. Wakaingia mtoni pale juya lilipokuwa likija, wakashikana mikono, maji yakiwafika kifuani. Amisa alikuwa katikati. Akaikaza miguu yake mchangani.

Mitumbwi ikakaribia. Faradji alisimama mbele katika mtumbwi mmoja, akamwita dada yake atoke majini.

"Yaya Amisa, toka mu mayi."

"Sitoki."

"Samaki hawa iko ya bwana. Mie natumwa tu."

"Bwana hajaumba mto. Wewe ulikula samaki wa hapa mkononi mwa mama. Umesahau?"

Juya lilizidi kuja, kamba yake ya juu ikamgusa Amisa kifuani, ikamsukuma. Mwanamke wa pembeni yake akateleza, akazama hadi puani. Wenzake wakamwinua kwa nguvu. Hakuna aliyeachia mkono. Mlinzi aliyekuwa nyuma ya Faradji akainua bunduki, akaielekeza kwa Amisa. Amisa akaliona tundu la mtutu, dogo na jeusi. Akamfikiria mwanawe Waridi. Akabaki pale pale.

Faradji akageuka, akaushika mtutu, akaubonyeza chini.

"Acheni kamba," akawaambia watu wake.

Wakaziacha upesi, kana kwamba walikuwa wakilingoja neno hilo. Wengi wao walikuwa wazaliwa wa vijiji vya jirani, wametekwa. Juya likalegea, likachukuliwa na mkondo, na samaki wakatoka kwa wingi.

Faradji aliahidi kwamba juya halitapanda tena mto hadi pale. Akaitimiza ahadi msimu mzima wa mvua, na migono mipya ya Amisa ikaanza kushika. Kisha akaitwa Kasongo. Kabla ya kuondoka alipita kwa dada yake, akala ugali na samaki.

"Watakufanya nini?" Amisa aliuliza.

"Sijui, yaya."

Hakurudi. Baadaye walisikia amenyang'anywa bunduki, akabebeshwa pembe kwenye msafara wa kwenda Ujiji. Msimamizi mwingine akaja, juya likapanda tena, na safari hii walinzi walikuwa wengi. Amuri na Amisa wakahamia kijito cha milimani, chembamba mno kwa mitumbwi ile mikubwa. Samaki wake walikuwa wadogo. Kila msafara ulipopita barabara ya Ujiji, Amisa aliacha kazi, akasimama kando ya njia, akitazama nyuso za wapagazi mmoja mmoja.