Soksi ya Ndege Namba Saba

Wivu ni moshi. Ukiuficha kifuani, utakohoa tu. Fundi Spana alianza kukohoa jana jioni, mwalimu wa marubani alipotangaza kwamba Tiara, mdogo wake, atapaa peke yake asubuhi.

Uwanja wao wa ndege, wa jeshi, ulijengwa enzi za vita kuu. Wageni walifundishana humo kupaa, kuua na kufa, kisha wakaondoka wakaacha njia ya kurukia na banda la bati. Tangu hapo, kila mwanafunzi anayepaa peke yake mara ya kwanza hukatwa mkia wa shati, ukapigiliwa ukutani bandani, na fundi wa ndege yake humwagia ndoo ya maji. Spana alikwisha kuwamwagia wengi. Yeye mwenyewe jicho la kushoto lilimwangusha kwenye vipimo vya urubani. Tumbo moja, ziwa moja, lakini anga kapewa mmoja!

Kwa hasira za jana aliondoka bila kuivisha ndege namba saba soksi, kile kifuniko cha kitambaa cha bomba jembamba chini ya bawa, linalopima upepo na kumwonyesha rubani kasi yake.

Asubuhi alimkuta Tiara keshakaa kitini, kajifunga mikanda.

"Dada, ndoo tayari? Maji yawe vuguvugu, mimi kitinda mimba."

"Nitakutilia na sabuni, maana unajisikia."

Hapo nyigu akatoka kwenye lile bomba. Spana akachungulia: tope. Nyigu kawahi kujenga humo. Rubani akipaa hivyo hataijua kasi yake; ndege itaishiwa mwendo angani ishuke kama jiwe.

Alinyamaza. Pumzi moja tu, lakini mwenyewe alijua ilikuwa ndefu.

"Usiwashe! Teremka!"

Mwalimu akaja, akachokoa bomba kwa waya, tope likamdondokea kiganjani. "Nani hakuivisha soksi?"

Tiara akamtazama dada yake, akawahi. "Mimi, afande. Dada alitaka kuivisha, nikamwambia aniachie. Nikasahau."

"Basi hupai leo, wala mwezi huu."

Spana alikuwa amepewa alichokiomba, kwenye sinia. Tiara akavua kofia taratibu, akaupapasa mkia wa shati lake mzima. Na Spana akaungua zaidi. Macho kapewa yeye, mbawa kapewa yeye, sasa na roho nyeupe pia? Hilo, hapana! Kwa hilo hakubali kuzidiwa.

"Anadanganya, afande. Ni mimi. Niliondoka na kisirani changu."

"Kisirani cha nini?"

"Cha wivu."

Mwalimu alimkazia macho. "Fundi mwingine atasafisha na kukagua. Wewe kafyeke nyasi kando ya njia mpaka nikwambie basi. Tiara, rudi kitini."

Kivuli cha namba saba kilimpita Spana mgongoni, kainama na fyekeo. Hakuinua kichwa. Alisikiliza injini tu, ile aliyoifunga kwa mikono yake, mpaka magurudumu yalipogusa ardhi.

Wenzao wakaukata mkia wa shati kwa vifijo. Mwalimu akamwambia Spana basi, naye akaja na ndoo.

"Vuguvugu, dada?"

"Thubutu!"

Akamwagia yote usoni, kwa nguvu ambayo desturi haikuidai.