Udongo wa Oola

Alimjua kwa fimbo kabla ya kumjua kwa sura. Sura ilikuwa imekwisha, mashavu yameingia ndani na macho yamekuwa ya manjano. Lakini fimbo ilikuwa ile ile, nyeusi, imezungushiwa waya wa shaba shingoni. Monique aliikumbuka vizuri kuliko nyuso za watu wengi aliokula nao sahani moja, kwa sababu miaka kumi na moja iliyopita fimbo hiyo iliwekwa kifuani pake ikamzuia kumzika mume wake.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, ilikuwa imeshaanza kelele zake za kugonga mabati, na Monique alikuwa anapanga sigiri zake, majiko ya makaa ya kuuza, kando ya barabara, kubwa nyuma, ndogo mbele. Mzee akasimama mbele yake, akaegemea fimbo.

"Mama, samahani. Mimi natafuta mwenyekiti ya hapa. Nataka barua."

Hakumtambua. Na kwa nini amtambue? Mzee huyu, Okwir, hakuwahi kumtazama usoni hata siku moja. Monique akashika sigiri mkononi kwa nguvu mpaka ukingo wa bati ukamuuma, kisha akaiweka chini taratibu.

"Barua ya nini, mzee?"

"Nimepata kazi ya kulinda ghala, huko Bugolobi. Wanataka barua ya LC, ya kuonyesha najulikana mtaani, Jumatatu asubuhi. Kazi iko na chumba ya kulala. Sasa hivi nalala kwenye baraza ya kanisa, wiki ya pili."

"Na barua ya kwenu hukupewa?"

Mzee akatazama pembeni. "Kule kwetu tulikosana. Mambo ya shamba. Mwenyekiti mpya alikataa kuniandikia."

Monique nusura acheke. Okwir, aliyeshika muhuri wa Padwat miaka ishirini, aliyeamua nani aitwe mtu na nani aitwe mgeni, leo anatembea Kampala bila karatasi! Akamwelekeza kwa heshima zote. Akamwambia mwenyekiti anaitwa Oduor, ni fundi wa kuchomelea, na wageni wasio na barua hupelekwa mbele ya mkutano wa wakazi, kesho saa tisa, kwenye uwanja wa karakana yake.

"Usikose, mzee," akasema. "Mimi pia nitakuwepo."

"Mungu akubariki, mama."

Akaenda zake. Monique alimtazama mpaka fimbo ikapotea kati ya watu, na roho yake ikatulia tuli, utulivu ambao hakuwa ameupata tangu Padwat.

Padwat ni mji mdogo wa kaskazini, mbali kabisa, karibu na mpaka, ambako basi hufika mara mbili kwa wiki mvua ikiruhusu. Oola ndiye aliyempeleka huko. Oola alikuwa askari polisi, alikutana na Monique mtaani Kabalagala, Kampala, katika hoteli ndogo alikokuwa anapika wali na maharage siku zile alipotoka Kongo na mtoto wake Reine mgongoni. Alipostaafu alimwambia, twende kwetu. Monique akaenda. Alikaa miaka saba. Alijifunza Kiacholi mpaka akaota kwa Kiacholi, alikaanga chapati ambazo mji mzima ulizila, alimzalisha jirani yake Anena usiku wa mvua wakati mkunga hakuweza kuvuka mto. Na bado, kisimani, wanawake walisogeza mitungi yao mbele ya mtungi wake, wakisema mgeni hachoti kabla ya wenyeji. Mgeni wa miaka saba! Mtoto wa mtu akipata homa, waliuliza Mkongo alipita wapi jana.

Oola alipofariki, watu mia tatu walikuja mazishini. Kule kwao jamaa huitwa mmoja mmoja, kwa jina, kwenda kutupa udongo kaburini, na anayeita ni mkubwa wa ukoo. Mkubwa wa ukoo alikuwa Okwir, binamu wa marehemu na mwenyekiti wa Padwat. Aliita ndugu, aliita shangazi, aliita watoto wa binamu ambao Oola hakuwajua hata majina. Hakumwita mjane. Monique akachota udongo wake akasogea mwenyewe. Hapo ndipo fimbo ilipokaa kifuani.

"Nani anamjua huyu?" Okwir aliwauliza watu. "Nani anamjua mama yake? Nani anajua ukoo wake? Ajitokeze aseme."

Aliuliza mara tatu. Watu mia tatu walinyamaza. Anena alikuwa amesimama mstari wa mbele, yule mtoto ameshika sketi yake, naye akanyamaza.

Monique aliondoka Padwat na basi la Alhamisi. Ule udongo hakuutupa. Alikaa nao mkononi njia nzima, na alipofika Kampala akautia katika kopo la siagi, akafunika, akaweka juu ya kabati. Nyumba aliyojengewa na Oola alisamehe. Mitungi ya kisimani alisamehe. Kile alichokitaka kilikuwa kidogo tu: kuitwa mke wa Oola mbele ya watu, kwa sauti, na mtu wa kwao. Hicho hakukisamehe, na nani angemlaumu?

Jumamosi ile hakuuza sigiri nyingi. Alifunga mapema akaenda kwa mzee Olweny, polisi mstaafu, mzee pekee katika zoni ile ya Katwe aliyetoka upande ule wa kaskazini. Alijua Olweny ana moyo laini. Angemwona mzee wa kwao amesimama peke yake angesimama naye, basi tu, kwa huruma. Monique akakaa kwenye kigoda akamsimulia yote, fimbo, kaburi, mara tatu. Olweny alisikiliza mpaka chai ikapoa.

"Unataka nifanye nini, Mama Reine?"

"Hakuna. Kesho mkutanoni nataka ukae tu."

Olweny akakuna kichwa. "Huyo ni mzee. Atalala wapi?"

"Miye nililala wapi?"

Olweny akaimwaga ile chai. Monique akajua kwamba mlango huo nao umefungwa kwa Okwir. Jioni alishusha kopo kutoka kabatini, akalifuta vumbi, akalitia mkobani. Alikuwa ameshaamua. Okwir akishakataliwa na kutoka, angemfuata barabarani amtupie ule udongo mgongoni, kama mtu aliyekwisha kufa na kuzikwa.

Jumapili saa tisa watu wapata sabini walikuwa wamekaa karakanani, juu ya mageti ambayo hayajapakwa rangi na mabenchi ya kanisa. Oduor alikuwa na daftari lake kubwa, muhuri, na rula. Alikuwa mtu wa kupenda usafi wa maandishi. Hata kufuta alifuta kwa rula. Okwir alisimamishwa katikati. Alikuwa amefua shati, na kola ilikuwa bado mbichi.

"Huyu mzee anaitwa Okwir," Oduor akasema. "Hana barua ya alikotoka. Nyinyi mnajua utaratibu wetu. Mkazi mmoja akisimama akasema anamjua, mimi naandika. Hakuna wa kusimama, mimi siandiki. Haya. Nani anamjua huyu?"

Nyundo ya jirani iligonga bati mara kadhaa, ikanyamaza. Olweny alitazama viatu vyake. Monique alikisikia kile kimya kikimwingia mwilini taratibu, akakifurahia. Naam, alikifurahia, hata mimi ninayesimulia siwezi kumfichia.

"Mara ya pili. Nani anamjua huyu?"

Jasho likaanza kumtoka Okwir kwenye paji. Alizoea kuuliza, hakuzoea kuulizwa. Akaanza kuzungusha macho, uso mmoja baada ya mwingine, na Monique, ambaye alikuwa amejifunika kitambaa mpaka nyusi, akakivua. Alitaka amwone. Alitaka ajue nani anamnyamazia.

Okwir akamwona. Mdomo ukabaki wazi. Kisha ile fimbo ikainuka, ikamwelekea.

"Yule!" akasema. "Yule mama ananijua. Yule ni mke wetu! Mke ya ndugu yangu Oola."

Watu wakageuka. Monique alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa matusi, kwa kupigiwa magoti. Kwa hili hakujiandaa. Mke wetu. Neno alilolingoja miaka saba kisimani, jikoni, kando ya kaburi, limemtoka mtu yule yule, mbele ya watu sabini, kwa sauti. Akashika geti lililokuwa karibu.

"Sema tena," akamwambia.

"Ni mke wetu," Okwir akarudia haraka. "Oola alimuoa. Alikaa na sisi miaka saba, alipikia watu ya kwetu. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo, mimi najua. Huyu ni mjane wa Oola."

Kalamu ya Oduor ilikuwa inakimbia kwenye daftari. Alipomaliza, alivua miwani.

"Mama Reine, maneno ya mzee nimeyaandika yote. Sasa ni zamu yako. Ukisema unamjua, nayagongea muhuri, na wewe nakupa nakala yako. Ukisema humjui, basi maneno ya mtu asiyejulikana mimi sina mahali pa kuyaweka. Nitayafuta. Unamjua?"

Hapo Monique aliona kila kitu. Aliona karatasi yenye muhuri, imeandikwa mjane wa Oola, kutoka kinywani mwa mkubwa wa ukoo. Alijiona akishuka basi Padwat na karatasi hiyo, akipita katikati ya wale wa kisimani, akifungua kopo juu ya kaburi, na asitokee mtu wa kumwekea fimbo. Neno moja tu lilihitajika. Namjua. Na ilikuwa kweli.

Akamtazama Okwir. Mzee alikuwa ameshusha fimbo, na alikuwa anatabasamu. Si tabasamu la shukrani. Ni lile la mtu aliyeagiza kitu chake akaona kinaletwa. Alikuwa ameshaanza kujifunga kifungo cha kola, tayari kupokea barua yake. Ukoo, ndugu, miaka saba, yote aliyajua siku ile ya mazishi kama alivyoyajua leo. Alikuwa nayo mfukoni muda wote, akayatoa leo kwa sababu yalimfaa.

Hasira ikampanda Monique mpaka Kiswahili cha Kampala kikamtoka, kikarudi kile cha kwao Kongo.

"Simujue uyu muzee," akasema.

"Una hakika, Mama Reine?"

"Simujue. Futa."

Oduor akavaa miwani, akaweka rula juu ya ukurasa. Alipiga mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Monique alihesabu. Mstari wa nne ndio uliopita juu ya jina la Oola.

"Mara ya tatu," Oduor akasema kwa sauti ya chini. "Nani anamjua huyu?"

Hakuna aliyesimama. Olweny aliinuka kidogo kwenye benchi, akamtazama Monique, akakaa tena.

Okwir alitoka polepole, akipita kati ya mageti. Alipofika mbele ya Monique alisimama.

"Wewe unanijua," akasema.

"Na wewe ulinijua."

Mzee akatoka barabarani. Monique akamfuata. Alifungua mkoba, akafungua kopo, na kabla Okwir hajafika kwenye kona akautupa ule udongo wote kwa nguvu zake zote. Ulikuwa umekauka mno. Kidogo tu kilifika shingoni na mgongoni mwa shati lililofuliwa. Uliobaki ulipeperuka ukaanguka barabarani. Okwir aligusa shingo yake, akatazama vidole, akaelewa ni udongo wa wapi. Aliinamisha kichwa akaenda, na ile fimbo sasa ilikuwa ya kutembelea tu.

Imekwisha, Monique alijiambia. Nimemzika. Alingoja ile raha ya jana irudi. Alisimama pale akiingoja, kopo mkononi, na kilichokuja ni wazo dogo, la kijinga, ambalo mtu mwingine yeyote angelipata mapema: ule haukuwa udongo wa Okwir.

Akatazama chini. Barabara ya Katwe ni nyeusi kwa vumbi la chuma, unga unaomwagika kwenye misumeno na mashine za kusaga mchana kutwa. Udongo wa Padwat ni mwekundu. Ulikuwa bado unaonekana hapa na pale, na bodaboda moja ilikuwa imeshapita juu yake. Monique akapiga magoti. Akaanza kuukusanya kwa kucha, punje kwa punje, akiutia koponi, na kila alipochota mwekundu, mweusi ulikuja nao.

Aloyo, jirani yake anayeuza mihogo, alivuka barabara na kumwinamia.

"Mama Reine, umemwaga nini? Ngoja nikusaidie kutafuta."

Monique hakuinua kichwa.

"Bwana yangu," akasema.

Aloyo hakuelewa, lakini alikunja gauni lake, akachuchumaa upande wa pili, akaanza kuokota.