Alama Nne za Wanja

"Kayamba haisikiki."

Hiyo ilikuwa mara ya tano, na saa tano ya asubuhi ilikuwa haijafika. Watu husema Mwamvua ana hasira za karibu. Waongo. Hasira zangu ziko mbali kabisa, ila kuna watu hupanda basi kuzifuata, na huyu alikuwa amepanda basi tangu alfajiri kutoka Mwakitolyo.

"Eustace, baba, nimeipandisha mara nne," nikamwambia. "Nikiipandisha tena itatoka humo kwenye spika ituchape makofi."

"Ipandishe."

Mwaka ulikuwa tisini na tisa, mwezi wa nane. Chumba chetu cha kurekodia kilikuwa nyuma ya duka la Jignesh, hapo mjini Shinyanga. Mbele ziliuzwa redio na kaseti, nyuma nilikaa mimi na kompyuta moja, na magunia ya pamba tuliyoyapanga ukutani ili kumeza mwangwi. Jignesh alileta mashine, mimi nikaleta masikio. Bendi yenyewe ilikuwa ya wachimbaji dhahabu watatu: Eustace aliimba na kupiga gitaa, Bujiku alipiga besi, Maganga kayamba. Walirekodi Jumapili, kila chombo na treki yake. Siku hiyo kazi ilikuwa kuzimiksi, yaani kuzichanganya hizo treki mpaka ziwe wimbo mmoja. Bujiku hakuja. Alibaki kazini na wenzake wanane, ndani ya duara lao, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu.

"Mimi ndiye fundi sauti hapa," nikasema. "Kayamba inasikika mpaka sokoni."

Eustace akanigeukia. Mhaya yule alikuwa na namna yake ya kukutazama kama mwalimu mkuu aliyekukuta unatafuna darasani.

"Dada, mimi nikisema kitu kinasikika, watu wanaweka roho zao juu ya hilo neno. Muulize Maganga."

Maganga alikuwa Msukuma mpole, mtu wa maneno ya kupima. Akaitikia kwa kichwa. "Gete, dada. Kweli kabisa. Tukilipua baruti jioni, asubuhi kaka ndiye anayeshuka wa kwanza, peke yake. Anazima tochi anasikiliza. Mwamba ukitaka kuanguka unaanza kwa kudondosha mchanga mwembamba, na ule mchanga una sauti. Kaka akisema kumetulia, tunashuka. Akisema bado, hashuki mtu."

"Miaka tisa," akasema Eustace, akijigusa sikio. "Hili limewaweka hai wanaume kumi, na hatujazika hata mmoja. La kwako limemwokoa nani?"

Kwangu mimi kushindwa maneno ni ugonjwa.

Bahati nzuri, Jignesh alikuwa amesimama mlangoni anakunywa chai na kutusikiliza. "Mama Kudra, msigombane," akaniambia. "Kuna ile programu aliyonitumia binamu yangu Vaishali kutoka Nairobi. Analaiza. Tuiache iamue."

Ile CD ilikuwa imekaa kwenye droo wiki tatu kwa sababu mimi niliidharau. Masikio ninayo, ya nini kupewa picha? Lakini siku hiyo ningemkubali hata mganga wa kienyeji, alimradi amnyamazishe Mhaya. Tukaiingiza. Unaipachika kwenye kila treki, na kila treki inapewa rangi yake, halafu rangi zote zinacheza pamoja kwenye kioo cha kompyuta. Kushoto zinakaa sauti nene, kulia sauti kali. Rangi mbili zikipandana mahali pamoja, ujue treki moja inaifunika mwenzake. Kompyuta yetu ilikuwa na pumzi fupi, kwa hiyo picha iliruka, ikaganda, ikaruka tena.

Loo! Miaka kumi na miwili nachanganya sauti kama mama anavyoonja mchuzi, leo naiona chumvi kwa macho. Nikasogeza kiti mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Besi ya Bujiku, nyekundu, ilivimba kushoto. Gitaa la njano na sauti ya Eustace ya bluu zilikuwa zinasukumana katikati kama watu wawili kwenye mlango mmoja, jambo ambalo nilikuwa nalihisi tangu Jumapili bila kulijua jina. Na kayamba? Kayamba ilikuwa kijani, kulia kabisa, peke yake, imesimama juu kuliko rangi zote.

"Mwenye macho haambiwi tazama," nikasema. "Nani anaifunika hiyo? Hakuna!"

Eustace akatazama muda mrefu. "Basi mashine yenu mbovu."

"Haya." Nikazima treki zote, nikaacha kayamba tupu. "Na sasa?"

"Sasa naisikia. Ko, ko, ko."

Nikamtazama Maganga. Maganga akanitazama mimi. Kayamba haijawahi kulia ko, ko, ko tangu dunia iumbwe. Kayamba ni punje zinazokimbizana ndani ya mabua, inalia cha-cha-cha. Kisha nikakumbuka kwamba Maganga akiipiga, dole gumba lake hugonga ubao wa nyuma. Nikarudi kwenye kioo, na kweli, kijani ilikuwa na vilima viwili: kidogo upande wa kushoto, hilo dole gumba, na kikubwa kulia, hizo punje.

Hapo, wallahi, hasira zote zikaniisha, ikabaki hamu ya kujua. Nikakikata kile kilima kidogo. Spika zikabaki na punje peke yake, kali, za kukufanya uume meno.

"Mbona umezima?" akauliza Eustace.

Mguu wa Maganga ulikuwa unafuata mdundo sakafuni. Jignesh akashusha kikombe.

"Eustace, acha utani."

"Utani na nani? Washa, dada, basi la kurudi halinisubiri mimi."

Nikamsimamisha akitazama magunia, mgongo kwetu, nikamwambia akisikia chochote anyooshe mkono. Nikaipiga kayamba kipande kwa kipande, nikaanzia kulia kabisa, kwenye sauti nyembamba ambazo hata mimi nazisikia kwa shida, nikawa nashuka kidogo kidogo kwenda kushoto. Punje zikalia. Mkono haukunyooka. Nikashuka. Jignesh akaziba sikio moja. Mkono haukunyooka. Nikashuka tena, na tena, karibu nifike kwenye gitaa, ndipo mkono ukapanda. Nikachomoa penseli ya wanja kwenye pochi, nikaweka alama pale pale kwenye kioo.

"Kioo changu!" akapiga kelele Jignesh.

"Wanja unafutika, baba. Njoo na wewe."

Nikampima Jignesh, nikaweka alama. Jignesh naye akanipima mimi. Alama zetu mbili zikakaa karibu karibu upande wa kulia, yake ikinipita kidogo, nikanuna. Kisha tukampima Maganga, na Maganga akatuacha wote, alama yake karibu imalize kioo. Ebo! Nilikuwa nacheka, napiga makofi, naeleza kwa mikono. Hebu ona! Masikio ya watu wanne yamepangwa kwenye kioo kama vitunguu mezani, na alama ya Eustace iko kule, vidole vinne kamili nyuma ya wenzake! Nilikuwa naishangilia mashine, Mungu anisamehe. Mtu mwenyewe sikumtazama.

Eustace alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu.

"Mama Kudra," akasema, na kabla ya hapo hajawahi kuniita hivyo. "Mchanga wa mwamba unakaa wapi hapo?"

Sikujua. Mimi sijawahi kuingia shimoni. Lakini Maganga alikuwa ameshatoka, bila kumuaga mtu, na akarudi na konzi ya mchanga aliouchota uani kwa jirani anayejenga, na kipande cha tofali. Akaliweka tofali chini ya maikrofoni. Nikafungua treki mpya. Eustace akainama akaliweka sikio karibu na spika, akafumba macho, nikaona jinsi anavyokaa akiwa kule chini gizani, maana uso wake ulitulia kabisa. Nikamwonea fahari, sijui kwa nini.

Maganga akaanza kuudondosha mchanga kwa ncha za vidole. Spika zikafanya siii, siii, siii, sauti nyembamba kama mafuta yanayoanza kupata moto. Kwenye kioo kikainuka kilima kipya, chembamba, chote kulia kwa alama ya Eustace. Hata ukingo wake haukuigusa.

Tukasubiri. Eustace hakufumbua macho.

"Aanze basi," akasema.

Maganga alikuwa ameshamaliza konzi nzima. Alikuwa amesimama na mkono mtupu.

Eustace akafumbua macho, akauona mchanga umelala juu ya tofali, akakitazama kioo, akatutazama sisi. Akaketi juu ya gunia la pamba. "Leo nimeshuka kabla ya basi," akasema taratibu. "Jana jioni tumelipua. Nimesikiliza kama siku zote, nikawaambia kumetulia." Akasimama ghafla. "Watu tisa wako chini!"

Jignesh alikuwa ameshachukua ufunguo wa pikapu. Duka akalifunga na mteja akiwa mlangoni, akamwambia arudi kesho. Mimi hakuna aliyeniita, lakini nilipanda. Ningebakije?

Barabara ile ina mashimo ya kutosha kumkumbusha mtu dhambi zake. Jignesh aliendesha kama vile gari ni la kuazima. Njia nzima Eustace alisema neno moja tu: "Baruti. Baruti zimeyala masikio." Maganga alikuwa nyuma kwenye bodi, ameshika chuma kwa mikono miwili. Mimi nilisoma dua kimoyomoyo.

Tulifika saa tisa mchana. Mdomo wa duara ulikuwa mweusi, mpana kama mlango wa ghala, na kamba nene imefungwa kwenye gogo. Eustace akaruka kabla gari halijasimama, akapiga magoti, akaita.

"Bujiku! Pandeni!"

Sauti ikatoka mbali chini. "Tuko kwenye mshipa wenyewe wa dhahabu, kaka! Hapa ndipo penyewe!"

"Pandeni wote!"

"Si ulisema kumetulia?"

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema polisi wamekuja, au kuna msiba nyumbani kwa mtu. Nilimwona anafikiri, nami nilimtakia uongo mzuri, kwa sababu nilijua neno lile la kweli likitoka halitarudi, na hakuna mtu atakayeshuka tena kwa kauli yake. Akainamia shimo.

"Sisikii!" akasema.

Kicheko kikapanda kutoka shimoni. "Husikii nini, na unatujibu?"

"Mchanga! Sisikii mchanga, Bujiku!" Sauti ilimpasuka. "Asubuhi sikusikia kitu, na kesho sitasikia! Sijui tangu lini! Nawaomba mpande!"

Kicheko kikakatika. Kamba ikakaza. Wakapanda mmoja mmoja, weupe kwa vumbi, na mimi nikawahesabu kwa sauti kama mwendawazimu mpaka nikafika tisa. Kila aliyetoka alimpita Eustace bila kumtazama. Hawakuwa na hasira. Nadhani walimwonea aibu, kama mtu anavyoona aibu kumwona baba yake analia.

Maganga akajifunga kamba, akashuka peke yake.

Bujiku akaishika kamba kwa mikono miwili. Mwishowe kichwa chake kikatokea, Bujiku akamvuta mkono.

"Unadondoka," akasema Maganga. "Ukuta wa kulia, juu ya zile nguzo. Leo mwingi kuliko jana."

"Kuliko jana?" akauliza Eustace.

Maganga akainama akafungua kamba kiunoni. Fundo lilimchelewesha, au alilichelewesha mwenyewe.

"Jana pia uliusikia?"

"Ndiyo, kaka."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Eustace akamsogelea, wakawa uso kwa uso. "Tangu Pasaka unausikia, Maganga, na kila siku unashuka?"

"Wewe si ulikuwa unasema kumetulia," akasema Maganga. "Nikajua masikio yangu ndiyo mabovu."