Nyuzi Nane na Pazia

Nimesuka vichwa miaka kumi na miwili, nikadhani hakuna kitu chenye ncha kinachoweza kunishinda. Kumbe nyuzi nane tu zilikuwa zinanisubiri.

Chumba chetu kimegawanywa kwa pazia la maua yaliyopauka. Upande wa dirisha ni wangu: kiti, kioo na ndoo ya maji. Upande wa pili ni wa fundi cherehani, rafiki yangu wa kufa kuzikana tangu nianze kazi, ambaye siku tisa alikuwa hajanisemesha. Kosa ni langu. Nilimwambia mteja wake kwamba gauni linamvuta mgongoni. Lilikuwa linamvuta kweli, lakini nani aliniuliza? Na jioni hiyo fundi alikuwa anahama, anakwenda kufungua duka lake upande mwingine wa mji. Akiondoka amenuna, nilijua harudi hata kunisalimia.

Tatizo langu ni kwamba neno "nisamehe" hunikwama kooni tangu utotoni. Ndiyo maana nikaamua kumtengenezea bangili ya nyuzi, ile ya mafundo ambayo marafiki huvishana. Nikamwomba mteja wangu, mwalimu wa chekechea, anivumilie kidogo, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Nikafunga ncha zote kwenye kamba ya pazia, nikaanza.

Kufikia mstari wa tatu, uzi wa kijani ulikuwa umepita chini ya wa bluu, mweupe umejisokota na mweusi, na mwekundu sikuuona kabisa.

"Hiyo ni bangili au kiota?" mwalimu akaniuliza kupitia kioo.

"Tulia. Kichwa chako bado kiko mikononi mwangu."

"Nusu yake. Watoto wangu wa chekechea wanafunga vizuri kuliko hivyo. Wewe unazikamata zote kwa mkupuo kama nywele. Nywele zote ni nyeusi, ukichanganya mashungi nani atajua? Uzi ukitoka kwenye nafasi yake, kila mtu anaona."

Akainuka na kichwa chake cha nusu. Akachana kifuniko cha boksi la mafuta ya nywele, akachukua mkasi wangu bila kuomba, akakata mipasuo minane ukingoni.

"Kila uzi na nyumba yake," akasema. "Unaofanya kazi unatoka, ukimaliza unahamia nyumba inayofuata. Nyingine zote zinakaa kimya zikisubiri zamu zao. Ungejifunza kwazo, hata gauni la watu lisingekuponza."

Nilinuna, lakini nilifumua yote kwa mkia wa chanuo, nikazipanga nyuzi kwenye mipasuo na kuanza upya. Safari hii mistari ilinyooka. Nikakaza fundo, nikakaza jingine, nikawa najisifu kimoyomoyo. Sikugundua kwamba kila nikikaza, pazia linatikisika na cherehani ya upande wa pili inanyamaza.

"Hili pazia linacheza tangu asubuhi," fundi akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na ukuta. "Kama kuna mtu anachungulia, si aingie tu."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa siku tisa, na mimi nikainamia fundo langu. Mwalimu akajibu kwa niaba yangu.

"Hachungulii. Anafunga bangili. Ni yako."

Nilitamani kumfumua nywele zote nilizokwisha kumsuka. Upande wa pili nikasikia mkasi ukiwekwa mezani. Nilitazama kile kipande cha boksi, nyuzi saba zimetulia kila mmoja kwenye nafasi yake, na wa nane mkononi mwangu.

"Imefika wapi?" fundi akauliza.

"Nusu. Sijui unene wa mkono wako."

"Miaka kumi na miwili, hujui?"

"Najua mdomo wangu tu," nikasema. "Na lile gauni halikunihusu. Nisamehe."

Likatoka. Lilikwaruza njiani, lakini lilitoka. Mwalimu akajifanya anakagua kucha zake.

Pazia likasogea kidogo, mkono ukapenya, kiganja juu, utepe wa kupimia ukining'inia vidoleni.

"Pima vizuri," fundi akasema. "Isije ikanivuta."