Mkono wa Mtahini

Nilimpa mama mkwe wangu mkono saa tatu na dakika tano asubuhi, mbele ya mashahidi wanne, nikautikisa vizuri, nikamwambia "Karibu Bungoma, Daktari," na sikujua kuwa ni yeye.

Asiyetoka kwetu ataona hilo si kitu. Kwa Wabukusu wa Bungoma, na kwa sisi Wagisu wa Uganda, ng'ambo ya mto, mwanamume hamshiki mkono mama wa mkewe. Hakai naye wakatazamana, hali naye meza moja; mama akija kwa njia hii, wewe unatafuta nyingine, hata kama ni ya matope. Walokole wameacha pombe na ngoma, lakini hili hawajaliacha. Siku niliyopelekwa Kitale kujitambulisha, nilikaa sebuleni kwa baba mkwe, Mzee Mukhisa, macho yakiwa kwenye viatu vyangu, na mama yake Everlyne, mchumba wangu, akabaki jikoni, nyuma ya pazia. Aliombea chakula kutoka hukohuko. Sura yake sikuijua. Kumwomba Everlyne anionyeshe picha ya mamake kungekuwa utovu wa adabu, na mimi adabu nilikuwa nayo, ndiyo iliyoniponza.

Asubuhi ile ya mkono ilikuwa Aprili ya mwaka juzi. Nilikuwa nimekaa Bungoma miaka mitatu nikisomea shahada ya uzamili, na mpaka leo sijui nilikuwa mgeni wa namna gani. Sokoni nilinunua sukuma wiki kwa lugha ya mama yangu na nikaeleweka, nikachekwa kidogo tu kwa matamshi. Milima niliyoiona dirishani ni ileile niliyozaliwa chini yake, ila sasa niliiona kutoka mgongoni. Lakini kwenye karatasi nilikuwa mgeni kabisa, na karatasi haicheki. Kibali changu cha mwanafunzi kilikuwa kimebakisha siku tisa. Mbale, upande wa Uganda, kulikuwa na chuo kilichonishikia nafasi ya ualimu mpaka mwisho wa mwezi, kikingoja barua moja tu ya kusema nimemaliza. Nikikosa kutetea tasnifu yangu siku ile, jopo lingekaa tena Novemba.

Kwa hiyo sikulala wala sikula. Asubuhi ile nilizunguka jengo la utawala mara nne, nikasoma karatasi iliyobandikwa mlangoni mara kumi. Jina la mtahini wa nje huwa siri mpaka siku yenyewe. Liliandikwa "Dkt. P. Nakhungu", na pale Bungoma ukiita Nakhungu njiani, wanawake kadhaa watageuka. Mimi mama mkwe nilimjua kama Mama Everlyne, mwalimu wa chuo huko Kitale, mke wa Mzee Mukhisa. Sikuwahi kuuliza zaidi. Mtu huulizaje zaidi?

"Wekoye, usibishane nao, usilie, na usitaje Uganda kila sentensi," aliniambia msimamizi wangu, Dkt. Gathoni, akininyoosha kola kama mtoto wa chekechea. Tukaingia.

Mtahini wa nje alikuwa mama mfupi, miwani imening'inia kifuani. Aliinuka akanyoosha mkono yeye kwanza. Niliushika. Mwenyekiti, Profesa Kipkirui, akamgeukia na kusema, "Daktari, kwa vile wewe ndiye mgeni wetu leo, tufungulie na neno la maombi."

Tukafumba macho.

"Baba wa mvua na wa kiangazi," alianza.

Ni sauti ileile, nzito, yenye mkwaruzo mdogo mwanzoni kama mlango usiotiwa mafuta. Ni maneno yaleyale yaliyopita kwenye pazia na kuubariki ugali wangu. Aliomba kwa utulivu, akiombea jopo hekima na mwanafunzi ujasiri, na mimi nikasimama pale nimefumba macho kwa nguvu, nikitamani sala hiyo isiishe. Kiganja kiliniwaka. Nilikifuta kwenye suruali, kisha nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa kama namfuta yeye.

Nilifikiri haraka, na vibaya. Yeye hakunitazama siku ile Kitale, kama mimi nisivyomtazama. Basi naye hajui. Jina Wekoye limejaa pande zote mbili za mto. Nikinyamaza, baada ya saa moja nitakuwa nimemaliza, na mama wa watu atakuja kugundua baadaye kuwa mkwewe alimshika mkono na kumtumbulia macho saa nzima akijua. Nikisema, naenda na maji. Siku tisa, Mbale, Novemba, vyote vilinizunguka kichwani kama nyuki. Najua watu wananisifu kwa nilichofanya. Ukweli ni kwamba niliogopa. Sikuweza kumtazama saa nzima nikimjibu maswali.

"Amina," wakasema.

"Mwenyekiti," nikasema nikiangalia meza, "kabla sijaanza. Daktari ni mama mkwe wangu. Nimemjua sasa hivi, kwa sauti."

Profesa Kipkirui ni Mkalenjin, na kwanza aliangua kicheko. "Ati mama mkwe! Na si mmesalimiana hapa tukiwaona?" Kisha kicheko kikamkatikia, kwa sababu mkono wake ulikuwa umefika kwenye faili. Alitoa fomu moja, akaisoma polepole. Ni fomu ambayo kila mtahini hutia saini kuthibitisha kuwa hana undugu na mtahiniwa.

"Daktari," akasema, "hii umesaini wiki mbili zilizopita. Ulikuwa unajua?"

Mama alivaa miwani yake, akatazama dirishani.

"Nilijua," akasema. "Nilimjua siku niliposoma ukurasa wa shukrani. Amemshukuru binti yangu." "Kijana amebakisha siku tisa. Nikijitoa, hampati mtahini mwingine mpaka Novemba. Nikajiuliza nani ataumia nikinyamaza, nikaona ni mimi peke yangu."

Alikusanya makaratasi yake bila haraka. Alipofika mlangoni aligeuka, si kwangu, kwa Dkt. Gathoni. "Mwambie akae chini. Ataanguka."

Nilikaa. Nilikuwa nimedhani natupa shahada yangu, na kweli nilikuwa tayari kuitupa. Sikujua kuwa nimembeba na mtu mwingine nikamtupa pamoja nayo. Alikuwa amevunja mila ya mama zake na kanuni ya kazi yake kwa wakati mmoja, kwa mkono mmoja alioninyooshea, ili mimi nimalize. Na mimi nikasimama nikamtaja kama mtoto anayemsemea mwenzake kwa mwalimu.

Everlyne alipiga simu jioni kutoka Webuye, anakofundisha.

"Si ungenyamaza tu, bana?"

"Sikujua kuwa anajua."

"Mama alikupa mkono, Wekoye. Wewe mwenyewe unajua hiyo ni nini kwake." Akalia, kisha akakata simu, na siku tatu hakuipokea yangu.

Siku ya tisa nilivuka mpaka wa Lwakhakha na begi moja, afisa akagonga muhuri bila kuniangalia. Chuo cha Mbale kilichukua mtu mwingine. Nilipalilia kahawa ya baba yangu miezi saba, nikigombana na kila mtu, hata kuku. Kitale barua kuhusu fomu ile ilifika kwa mkuu wa chuo cha mama, na ukuu wa idara aliokuwa ameahidiwa ukaenda kwa mwingine. Hakuitwa tena kutahini popote. Everlyne ndiye aliyeniambia, tulipoanza kuzungumza tena.

Wazee wa kwetu walikwenda Kitale na mbuzi, nami nikiwafuata, kama inavyotakiwa mila ikivunjwa. Waliketi na Mzee Mukhisa mchana kutwa. Walipoinuka kuondoka, alinivuta kando nyuma ya boma la ng'ombe.

"Mambo ya mkono yamekwisha," aliniambia. "Kwa hayo tuna dawa. Hayo mengine, ya kusema ukweli, sijui yanaponywa na nini." Hakusema kwa hasira. Aliuliza kweli.

Novemba nilirudi Bungoma kwa kibali kipya. Mtahini mpya alikuwa na safari, akaniuliza maswali matatu mepesi, akasifu ramani zangu za udongo. Dakika ishirini na tano. Nilipita bila marekebisho. Dkt. Gathoni alinikumbatia, na mimi nikajiona kama mtu aliyepewa chenji isiyo yake.

Wiki ya mahafali Everlyne aliniletea bahasha. "Mama amesema hii ni yako." Ndani mlikuwa na karatasi moja, maswali kumi na moja kwa mwandiko wake, aliyoyaandaa kwa asubuhi ile ya Aprili. Niliyasoma nimesimama, kisha nikatafuta kiti. Hakukuwa na hata moja la kumpendelea mtu. La saba lilisema: "Umepima udongo unaosombwa na mvua kutoka mashamba ya Mlima Elgon upande wa Kenya, ukauita hasara. Ukivuka mto ukatua shambani kwa mwingine, bado ni hasara? Ya nani?"

Nilijifungia siku mbili nikayajibu yote, kurasa kumi na nne, nikazituma Kitale kupitia kwa Mzee Mukhisa. Zilirudi baada ya wiki tatu. Kalamu nyekundu ilikuwa imepita kila ukurasa, mpaka kwenye nukta. Chini kabisa aliandika: "Hajapita. Arudie la saba na la kumi na moja."

La kumi na moja nimelirudia mara mbili, na mara ya pili amelikubali. La saba bado ninaliandika.