Salamu Zilifika, Neno Halikufika

Seremala waliyemwita Randa hakuwa mtu wa maneno. Ana kwa ana ulimi ulimwia mzito, na kwenye simu ndiyo kabisa. Lakini kwenye meseji, mwache! Angekusalimia wewe, watoto wako, wakwe zako na majirani, ndipo aingie kwenye neno lenyewe. Kwake, mtu anayeanza na shida kabla ya salamu hakulelewa.

Ndivyo alivyomwandikia mpishi wa shule, mjane kama yeye, aliyekuwa amekwenda mji mwingine kwa binti yake aliyejifungua. Mpishi alimuuliza waziwazi: "Binti anataka nihamie huku moja kwa moja. Wewe unasemaje?" Randa akajibu meseji ndefu, na mwisho kabisa akaandika: rudi, nikuoe. Jibu likaja: "Sote hatujambo, ahsante." Akarudia, akaongeza salamu. "Tunashukuru, hatujambo." Kisha mpishi akamtumia nyingine: "Kesho lori linakuja kuchukua vitu vyangu. Ufunguo uko kwa mwenye nyumba. Wewe una bisibisi, naomba unifungulie kitanda."

Mwanamke gani huyu? Unamposa, naye anakutuma ukamfungulie kitanda cha kuhamia! Iliuma, tusidanganyane.

Asubuhi alipitia kibandani kwa fundi simu, mama mwenye miwani na mdomo usio na breki. Ndiye aliyemuuzia simu ile kuukuu baada ya kuipiga flashi, yaani kuifutia programu zake zote na kuiwekea nyingine.

"Nifutie meseji zote za namba hii," Randa alisema. "Sitaki kuziona tena."

Fundi simu alizisoma kwanza, bila hata kujifanya hasomi. "Kaka, posa gani hii inajificha? Nimepita kwa mkwe, nimepita kwa kichanga, ndiyo naiona huku chini!" Kisha akakunja uso. "Mbona amejibu salamu tu? Yuko mtandao gani?"

"Ule mwingine."

Fundi simu akatoa simu zake mbili, akaituma meseji ile kwenye kila moja. Kwenye simu ya mtandao wa Randa ilifika nzima. Kwenye ile ya pili iliishia hapa: "na mkwe wetu naye natumaini hajambo, na mto".

"Kosa langu," alisema. "Programu niliyoweka haiungi vipande vya meseji ndefu ikivuka mtandao. Herufi mia na sitini zinapita, zilizobaki zinapotea njiani. Niachie simu, jioni itakuwa sawa."

"Jioni lori litakuwa limeshaondoka."

Randa alijikaza akapiga. Simu iliita mpaka ikakata; kichanga kikilala, mpishi huzima sauti. Ikabaki kuandika kwa kifupi. Akaanza: "Habari za asubuhi, natumaini binti na..."

Fundi simu akampiga kikofi mkononi. "Utazeeka peke yako, kaka!"

Akafuta. Alijisikia kama anaingia nyumba ya watu bila kupiga hodi. Akaandika: "Usihame. Rudi nikuoe. Nimekwambia mara mbili, simu ilikuwa inakata." Akatuma kabla hajajuta.

Jibu halikuja. Kazi alikuwa ameikubali, basi akaenda. Chumbani kwa mpishi sufuria zilikuwa zimeshafungwa kwenye shuka, na dereva ameegemea mlango. Randa akakipigia kitanda magoti, akageuza bisibisi polepole kuliko siku zote za ufundi wake.

"Mzee, unakifungua au unakiombea?" dereva aliuliza.

"Skrubu zina kutu." Hazikuwa na kutu hata kidogo.

Mguu wa mwisho ulikuwa umeshatoka, na dereva ameinama kuubeba, simu ilipotikisika mfukoni.

"Sasa ndiyo umesema. Mtoto alikuwa amelala. Mwambie dereva arudi mtupu, nakuja Jumapili. Na kitanda hicho kinalia siku nyingi, maadamu umekifungua, kikaze."

Randa aliisoma tena, machozi yakamlengalenga, wala hakuyaficha. Dereva akauliza waanze na miguu hii au kabati.

"Hahami mtu hapa," alisema, akaanza kuokota skrubu sakafuni.