Mjumbe wa Kona ya Moto

Nilikuwa nikiitoa kamba iliyokatika kwenye glavu ya Yosniel, mrushaji wetu, tundu moja baada ya jingine, Ovidio alipoanza tena habari ya bega lake.

"Bega ni nyama tu," alisema. "Nyama ikichoka, inasuguliwa."

"Lako ndilo la kusugua," Nereida akamjibu. "Tangu uache kuendesha basi hujanyanyua kitu kizito kushinda domino."

Watu wakacheka, lakini kicheko cha kukohoa, cha watu waliokwisha kuchoka kabla ya kuanza. Mlango wa karakana yangu unatazama mabenchi ya bustani, upande wa Kona ya Moto, ambako kila jioni watu wa mji wetu huja kubishana juu ya besiboli. Mwaka huo moto wenyewe ulibaki majivu. Timu yetu, Wachoma Mkaa, ilianza msimu kwa kushinda, tukapiga ngoma uwanjani mpaka ngozi zikalegea. Kisha ikaanza kupoteza, na ikawa inapoteza kwa namna ambayo huwezi hata kuisimulia vizuri. Wapigaji wetu walipunga magongo kama watu wanaofukuza nzi mezani.

"Mwaka huu wachomaji ndio wameungua," alikuwa akisema Nereida akiuza karanga zake, na watu walinunua karanga bila kubisha.

Ilikuwa Jumamosi, nusu ya msimu inakwisha. Msimu wetu hukatwa katikati. Timu sita za juu huendelea, nyingine hurudishwa nyumbani. Ila kabla hazijarudi, zile sita huchagua wachezaji wazuri kutoka kwenye hizo zilizotolewa, kama majirani wanaogawana vyombo vya nyumba iliyobomolewa. Sisi tulikuwa wa saba. Wa sita walikuwa Manglar, jirani zetu, na kesho yake walikuwa wanakuja kwetu. Tukiwafunga tunawapita. Wakitufunga, basi, mpaka mwakani.

"Hatuna mrushaji," alisema Ovidio. "Tuseme ukweli. Tunaye mmoja tu. Wengine wanarusha mpira kama wanamtupia kuku mahindi."

"Na huyo mmoja alirusha Alhamisi," Nereida akasema. "Mchezo mzima, Ovidio. Mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu kocha hakuwa na wa kumbadilisha. Mkono wa mrushaji unataka karibu wiki."

"Wiki! Zamani watu walirusha leo na kesho."

"Na sasa hao watu wa zamani wanachana nywele kwa mkono gani? Nenda kamwangalie Policarpo. Hawezi kufunga kifungo cha shati."

Sisi sote tulimjua Policarpo, mrushaji wetu wa zamani.

Arsenio alikuwa amekaa mwisho wa benchi, karibu na mlango wangu, kofia yake gotini. Ni baba yake Yosniel. Kabla kiwanda cha sukari hakijafungwa yeye ndiye aliyekuwa kwenye mizani, na mpaka leo anazungumza kama mtu anayesubiri sindano itulie. Ijumaa aliponiletea glavu ya mwanawe aliigusa kamba iliyokatika kwa kidole. Halafu akaniambia, "Fundi, safari hii nashindwa kuomba tushinde."

Sikumwuliza kwa nini, maana nilijua. Yosniel alikuwa na miaka ishirini na minane. Mwaka uliopita bega lake lilimlaza miezi mingi, na mama yake akafariki katika miezi hiyohiyo. Sasa alikuwa amerudi, na alikuwa anarusha vizuri kuliko wakati wowote. Tukitolewa, timu iliyoko juu kabisa ingemchagua yeye kabla ya wote. Kila mtu alilijua hilo. Huko angerusha mbele ya watu wanaochagua timu ya taifa, tena akiwa na bega lililopumzika. Kwa umri wake hapangekuwa na nafasi nyingine. Lakini akirusha Jumapili, siku ya tatu baada ya Alhamisi, bega lile huenda lisiamke tena.

"Kwa hiyo tufanye nini?" kijana mmoja wa duka la baiskeli aliuliza. "Tumtie nani? Yule mwenye miwani?"

"Yule mwenye miwani akirusha, mwambie mkeo aanze kufua jezi, tumemaliza," akasema Ovidio. Alisimama. Alipenda kusimama anapofika kwenye kiini cha hoja yake. "Jamani, mimi simchukii mtoto wa Arsenio. Nimembeba kwenye basi langu tangu akiwa hafiki dirishani. Lakini huu ni mchezo mmoja. Mmoja! Si lazima arushe wote. Arushe nusu. Tukipita, apumzike wiki mbili, alale, ale, tumpe hata kuku wangu."

"Kuku wako ana umri wa Yosniel," Nereida akasema.

"Apewe supu yake basi!"

Hapo walicheka kweli. Hata Arsenio alitabasamu. Niliona kwamba kicheko hicho ndicho kilichompa Ovidio nguvu.

"Tupige kura," akasema. "Kona ipeleke neno."

Lazima nieleze jambo hili. Miaka ya nyuma, kocha wa wakati huo alipofanya jambo lisilotupendeza, watu wote wa Kona walimwendea nyumbani. Kelele zilikuwa kubwa, mtu akarusha kitu, dirisha likavunjika, mtoto akalia. Tuliona aibu. Tangu siku ile tukakubaliana kwamba kila Jumamosi ya msimu, Kona itapeleka neno moja tu, na mtu mmoja tu. Mtu huyo analifikisha kama lilivyo. Hapunguzi, hazidishi, na la kwake mwenyewe halisemi. Tulimchagua Arsenio kwa sababu hapazi sauti, na kwa sababu mtu wa mizani hatazamiwi kuegemea upande. Makocha watatu wamempokea kwenye ukumbi wao na kumpa kahawa. Wakati mwingine wametusikiliza.

Mikono ilinyanyuka. Haikunyanyuka kwa hamasa, ilinyanyuka kama ya watu wanaokubali kulala mapema. Nereida hakunyanyua wake. Mimi mikono yangu ilikuwa ndani ya glavu, wala hakuna aliyeniuliza.

"Neno ni hili," alisema Ovidio. "Kesho arushe Yosniel."

Arsenio aliigeuza kofia yake mara kadhaa.

"Mtumeni mwingine leo," alisema.

"Kwa nini?"

"Wewe Ovidio unajua kwa nini," Nereida akasema.

"Najua, mama. Ndiyo maana namwuliza kwa heshima." Na kweli sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ndugu yangu Arsenio, tukituma mwingine kocha atasema, mjumbe wao kakataa, basi hawajakubaliana. Neno litakuwa limekufa kabla ya kufika. Kama hutaki, sema hutaki, tutaelewa. Lakini basi sema pia kwamba kila Jumamosi ulikuwa unapeleka yale unayoyapenda tu."

Sijui kama yalikuwa maneno ya haki. Nimeyafikiria mara nyingi. Kwa Arsenio yalitosha. Alivaa kofia, akasema, "Nitapeleka," akavuka bustani kuelekea mtaa wa kanisa, anakokaa kocha Basulto. Alitembea polepole, kama anavyotembea siku zote.

Wengine walibaki kidogo, wakabishana kama uwanja utakuwa na maji baada ya mvua, kama mdakaji wetu amenenepa, kama Manglar wanajua kusoma ishara zetu. Kisha joto likawashinda, wakaondoka mmojammoja. Ovidio alikuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni kwangu.

"Unaniona mbaya, fundi?"

"Nakuona umechoka," nikasema.

"Miaka kumi na minane hatujapita nusu ya msimu vizuri," akasema. "Nataka tu kuona Oktoba moja tukiwa bado tunacheza." Akaenda.

Niliendelea na kazi. Kazi ya glavu nilijifunza mwenyewe, kwa kufumua glavu zilizokufa na kuangalia kamba ilikopita. Kwenye glavu ya mrushaji, wavu ulio kati ya kidole gumba na kidole cha shahada lazima uzibe kabisa, mpigaji asione vidole vinavyoshika mpira. Kamba za kununua hazipatikani. Nilikuwa nimekata mpya kutoka kwenye shingo ya buti la jeshi, nikazilowesha na kuzipaka mafuta ya nguruwe, na sasa nilikuwa nazipitisha kwa sindano ya waya. Ngozi ya buti haina haraka. Ukiivuta kwa nguvu inachana tundu.

Arsenio alirudi jua likiwa linaingia nyuma ya sinema. Alikaa, sasa ndani, kwenye kiti cha wateja. Nilimmiminia kahawa iliyobaki. Ilikuwa imechanganywa na njegere za kukaanga, nyingi kuliko kahawa yenyewe, lakini ilikuwa moto.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta. Alikuwa ameweka miguu kwenye beseni."

"Ukamwambia."

"Nikamwambia. Kona inasema kesho arushe Yosniel." Alikunywa. "Hakuna nilichoongeza."

Nilingoja. Yeye huwa anangojewa.

"Unajua alikuwa ameamua nini, fundi? Alikuwa ameamua ampumzishe. Alikuwa amekwisha kumwandika yule wa miwani. Aliniambia hivyo kwa kinywa chake. Halafu akaniangalia muda mrefu. Akasema, 'Mzee Arsenio, katika mji huu wote nilimwogopa mtu mmoja tu, wewe. Nilisema nikimtumia kijana, baba yake hatanisamehe. Na sasa umekuja wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Kama baba ndiye anayesema arushe, mimi ni nani?' Akatoa miguu kwenye beseni. Akanishika mkono."

Niliweka sindano chini.

"Nawe ukasema nini?"

"Mjumbe hasemi lake."

"Arsenio."

"Alinishika mkono, fundi. Alifurahi. Nadhani hata yeye alikuwa anataka, alikosa tu wa kumruhusu. Nikasema ahsante kwa kahawa."

Nje, mtu alipita na baiskeli akipiga kengele bila sababu. Nilitaka kusema kwamba Kona ilikosea, kwamba huwezi kumtuma baba kuomba bega la mwanawe na ukadhani atakayempokea ataona mjumbe peke yake. Lakini nilikuwepo mikono iliponyanyuka, na nilikuwa nimenyamaza. Kwa hiyo nikauliza jambo dogo.

"Yosniel anajua?"

"Bado. Yuko nyumbani, ameweka barafu kama alivyoambiwa. Nikimwambia atafurahi. Huyo ndiye Yosniel. Atasema bega ni zima, atalizungusha mbele yangu kunionyesha, na atakuwa anauma meno." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Akiniuliza nani kamwomba kocha, nitasema nani?"

"Rudi kwa Basulto," nikasema. "Rudi sasa hivi."

"Nirudi niseme nini? Kwamba neno la Kona silitaki? Jumamosi nyingine wakinituma, nani ataniamini? Ovidio atakuwa amesema kweli."

"Huenda amesema kweli. Hata hivyo rudi."

Alinitazama. Nadhani hakutegemea hilo kutoka kwangu. Hata mimi sikutegemea. Alifungua mdomo, na hapohapo umeme ukakatika, mtaa mzima, na kutoka nyumba zote ikasikika ile sauti moja ya watu wanaoguna. Tulikaa katika kile kimwanga kilichobaki mlangoni.

"Wakinivua ujumbe?" akauliza.

"Watakuvua."

"Na tukishindwa kesho, watasema ni mimi."

"Watasema hivyo mpaka uzeeke. Ovidio atakuwa wa kwanza. Nereida atamjibu."

Alicheka kidogo kwa pua. Halafu nilimsikia akipumua kama mtu aliyeshusha gunia lakini bado hajanyoosha mgongo.

"Sasa hivi Basulto atakuwa amelala," alisema. "Analala kuku wanapolala, yule. Nitakwenda alfajiri, kabla hajatoka kwenda uwanjani. Nitamwambia, jana nilikuja kama Kona. Leo nimekuja kama baba yake Yosniel, na sitaki."

"Anaweza kukataa kukusikia."

"Anaweza." Alisimama, akatafuta kofia yake gizani, nikampa. "Ameshafurahi. Mtu akishafurahi ni kazi kumgeuza."

"Utamwambia Yosniel leo?"

"Leo nitampikia maharagwe. Acha alale."

Alishika kizingiti cha mlango. Kisha akageuka.

"Hiyo glavu imefika wapi?"

Niliiinua niione kwa mwanga wa mlangoni. Upande wa kidole gumba ulikuwa tayari. Upande wa pili kamba zilikuwa zinaning'inia, na wavu ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha ngumi.

"Imebaki nusu," nikasema. "Gizani nitachana tundu."

"Usiharakishe."

"Siharakishi. Lakini asubuhi nitaimaliza, Arsenio, akirusha au asirushe. Ni glavu yake."

"Ni yake," alisema, akaenda.

Nilizilowesha zile kamba zisikauke usiku, nikazifunga pamoja na glavu katika kitambaa chenye maji. Nikaingiza sindano kwenye kizibo. Kutoka upande wa pili wa bustani nilimsikia Ovidio gizani, barazani kwake, akimwambia mtu kwamba kesho tuna mrushaji, kesho kidogo kuna matumaini. Nikafunga mlango, nikaweka kiti karibu na dirisha la mashariki ili mwanga ukija unikute nimekaa.